Kelele Iliyokosa Wasikilizaji

Chombo bora cha kutafutia kinachokata intaneti ya waya wa simu nyumbani ni redio ndogo ya betri yenye masafa ya kati, ile ambayo siku hizi madukani haipatikani kwa urahisi. Nasema hivi kwa kuwa nimefanya kazi ya laini za simu Tanga tangu waya ulipokuwa ukibeba sauti peke yake mpaka ulipoanza kubeba intaneti. Mita nilikabidhiwa za kila namna, za sindano na za kioo. Mita hukwambia laini inaumwa, lakini ukitaka kujua maradhi yametoka nyumba ya nani, utahitaji redio.

Ndani ya redio hiyo mna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hicho ndicho antena yake ya masafa ya kati. Ule mti wa chuma unaochomoza juu ni wa kazi nyingine. Kijiti kikilaza ubavu wake upande linakotoka wimbi, sauti hupanda. Kikielekeza ncha huko, sauti huzama. Fundi mzoefu hatafuti mahali kelele inapopanda, maana inapanda polepole na sikio halijui kilele kiko wapi. Hutafuta inapozama, kwa sababu inazama ghafla, katika pembe ndogo sana. Ukiipata pembe hiyo unajua mstari ambao chanzo kimelala juu yake. Sogea nyumba mbili tatu kando, uzungushe redio tena, upate mstari wa pili. Pale mistari miwili inapokatana ndipo unapokwenda kupiga hodi.

Haya sikufundishwa na shirika la simu. Nilifundishwa na mjomba wangu, fundi redio wa Ngamiani, hapahapa Tanga, katika miaka ya 1970, wakati redio ilikuwa ndiyo sebule. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio moja kusikiliza kipindi cha Radio Tanzania Dar es Salaam, kisha wakajadiliana juu ya vyoo, maji na mbu. Kikundi kizima kikitegemea redio moja, mkwaruzo unaoingia katikati ya kipindi haukuwa jambo dogo. Watu walimletea mjomba redio wakidhani imeharibika. Aliiwasha juu ya meza yake, ikasema vizuri kabisa. Basi hakuifungua. Aliibeba akamfuata mwenye redio mpaka kwake, akaizungusha mikononi barazani, na mara nyingi akaishia kwenye nyumba ya jirani, penye cherehani ya mota au pasi ya umeme yenye kidhibiti joto kilichochakaa. Malipo yake aliyadai kwa mwenye redio, na jirani alimsafishia mota bure. Aliona jirani hana kosa, na mtu asiye na kosa hatozwi.

Kazi hiyo ya mjomba ilikuwa na ukoo mrefu kuliko alivyojua yeye mwenyewe.

Mawimbi ya redio yalianza yakiwa kelele. Heinrich Hertz, alipoyathibitisha huko Karlsruhe, Ujerumani, kati ya mwaka 1886 na 1888, hakuwa na chombo cha kutoa sauti wala muziki. Alirusha cheche katika mwanya mdogo kati ya vipande viwili vya chuma, na upande wa pili wa chumba, katika mwanya wa kitanzi cha waya ambacho hakikuunganishwa na kitu chochote, ikaonekana cheche ndogo. Mitambo ya kwanza ya simu za upepo, pamoja na ile ya meli zilizoomba msaada baharini mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa mitambo ya cheche. Kwa hiyo kila swichi inayoachana na umeme, kila burashi ya mota inayorukaruka juu ya shaba, kila waya uliolegea kwenye soketi, ni mtambo wa Hertz uliorudi bila kuitwa. Cheche haina adabu ya kukaa kwenye stesheni moja. Inatapakaa masafa mengi kwa wakati mmoja, na waya wa umeme wa nyumba unaitembeza kama antena.

Matangazo ya redio yalipoanza Uingereza mwaka 1922, msumbufu wa kwanza alikuwa redio ya jirani. Redio nyingi za wakati huo zilirudisha sehemu ya mawimbi nyuma ili zipate nguvu, na msikilizaji akizidisha kitasa, redio yake yenyewe iligeuka mtambo wa kurusha mawimbi na kupiga mluzi katika redio za mtaa mzima. Peter Eckersley, aliyekuwa mhandisi mkuu wa BBC, aliwasihi wasikilizaji hewani wasifanye hivyo. Hakuwa na njia nyingine. Aliyekuwa akipiga mluzi hakujua, kwa kuwa ndani ya nyumba yake alijiona anatafuta stesheni kama mtu mwingine yeyote.

Kisha umeme ukaingia majumbani kwa kasi, ukiwa na vifaa vyake: mashine za kufyonzea vumbi, vikaushia nywele, lifti, tramu za mitaani, mashine za hospitali za kupasha mwili joto, vidhibiti joto vya blanketi za umeme. Hapa pana jambo ambalo nalipenda katika historia hii. Msikilizaji wa Uingereza alilipa leseni ya redio, shilingi kumi kwa mwaka, na leseni hiyo aliinunua posta. Posta ndiyo iliyosimamia simu, telegrafu na mawimbi. Basi aliyelipa akaona ana haki ya kusikia alicholipia, naye alirudi palepale posta kulalamika. Posta ikaunda kikosi cha mafundi wa kutafuta vyanzo vya mkwaruzo, wakienda nyumba kwa nyumba na vyombo vya kubebeka na, baadaye, magari yenye antena. Kazi hiyo iliendelea miongo mingi. Maelfu kwa maelfu ya malalamiko yalifuatwa hivyo, lalamiko kwa lalamiko, na kwa muda mrefu sheria haikumlazimisha mwenye kifaa afanye lolote. Fundi alipokipata chanzo alikuwa na mdomo wake tu. Alieleza, aliomba, akapendekeza kapasita ndogo ifungwe kwenye waya. Nguvu ya kisheria ilikuja na Sheria ya Simu za Upepo ya mwaka 1949, na kanuni za mwaka 1952 zikawataka wenye injini mpya za petroli waziwekee vizuizi, kwa sababu kufikia hapo televisheni ilikuwa imefika na kila gari lililopita barabarani lilinyunyiza madoa meupe kwenye kioo.

Mwaka 1934 wawakilishi wa nchi mbalimbali walikutana Paris katika kikao cha kwanza cha kamati ya kimataifa ya mkwaruzo wa redio, inayojulikana mpaka leo kwa jina la CISPR. Vifaa vilikuwa vinavuka mipaka. Haikufaa Ufaransa iwe na kipimo chake na Ujerumani chake. Lakini walipimaje usumbufu? Uamuzi ambao kazi hiyo ilizaa bado unanigusa. Kipimo hakikutengenezwa kihesabu nguvu ya umeme peke yake. Kilitengenezwa kiige sikio la mtu anayesikiliza matangazo: mdundo mmoja kwa nadra ukahesabiwa mdogo, na midundo ileile ikifuatana upesi ikahesabiwa mikubwa, kwa kuwa ndivyo inavyomkera binadamu. Kipimo cha sheria zinazobana viwanda vya dunia nzima kilijengwa juu ya kero ya mtu aliyekaa sebuleni kwake.

Fungua stata ya taa ya tyubu, kile kikopo kidogo cheupe ambacho kila nyumba ya mjini ilikuwa nacho. Ndani mna kibalbu cha gesi chenye vipande viwili vya chuma, na kando yake kapasita ndogo. Kibalbu ndicho kinachowasha taa. Kapasita, zaidi ya yote, imewekwa pale kwa ajili ya redio: izibe cheche isitoke nje. Ile kapasita ni jibu la wale waliokwenda posta kulalamika, nayo imesafiri mpaka mitaa yetu ya Chumbageni na Makorora bila mtu yeyote kujua kwa nini ipo. Nitairudia hapa chini, maana ilinikuta kazini.

Wawindaji wa kelele walikuwa na chombo cha pili kisichouzwa dukani, nacho ni saa. Mkwaruzo una ratiba kwa kuwa watu wana ratiba. Anayeandika muda kwa uaminifu, leo na kesho na kesho kutwa, huwa amekwisha kulipata jibu nusu kabla ya kutoka nje. Karl Jansky wa maabara za Bell, Marekani, alitumwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kutafuta kelele zinazosumbua simu za redio za kuvuka Atlantiki. Alijenga antena kubwa inayozunguka juu ya magurudumu ya gari la Ford shambani Holmdel, New Jersey, akatenga kelele za radi za karibu na radi za mbali. Ikabaki moja, mvumo hafifu, ambao mwanzoni ulionekana kufuata jua. Aliendelea kuandika muda. Mvumo haukurudi kila baada ya saa 24. Ulirudi baada ya saa 23 na dakika 56, na huo ndio mwendo wa nyota. Alikuwa amesikia katikati ya Njia ya Maziwa, na elimu ya kutazama anga kwa redio ikaanzia hapo, katika daftari la fundi aliyetumwa kutafuta mkwaruzo.

Nikirudi kwetu. Redio za masafa ya kati ziliendelea kutawala Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na kulikuwa na redio na betri za National zilizotengenezwa Dar es Salaam kwenyewe. Kisha katikati ya miaka ya 1990 stesheni za binafsi za FM zikafunguka, Radio One ikiwa miongoni mwa za kwanza mwaka 1994, na vijana wakahamisha sindano. Hawakukosea. Edwin Armstrong alibuni FM katika miaka ya 1930 kwa lengo hilohilo la kuishinda kelele: ujumbe unabebwa katika kucheza kwa masafa, si katika kupanda na kushuka kwa nguvu, na redio inakata vilele vyote vya nguvu kabla haijasoma kitu. Cheche, ambayo ni nguvu tupu, inakatwa pamoja na vilele.

Kwa hiyo mkwaruzo ukatoweka masikioni, ingawa hewani ulibaki palepale na ukazidi kukua. Chaja nyepesi zikachukua nafasi ya transfoma nzito. Ndani ya chaja nyepesi umeme unakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kukata ni ukingo mkali unaotapakaa masafa. Balbu za kubana matumizi zikaja, zikafuatwa na za LED. Vidhibiti vya mwendo wa feni vya kielektroniki vilivyokata wimbi la umeme katikati vikachukua nafasi ya vile vya zamani vilivyojaa koili. Bidhaa iliyotengenezwa kwa kufuata vipimo vya CISPR huwa na koili na kapasita za kuzuia, na kuna iliyofika sokoni kwetu ikiwa na nafasi za vifaa hivyo zimechorwa kwenye ubao, lakini zenyewe hazimo. Zamani mtaa ungelalamika jioni ileile, lakini sasa masafa ya kati yalikuwa yamebaki bila wasikilizaji, na hapakuwa na wa kulalamika.

Palepale palipohamwa, intaneti ya waya ikaja kupanga.

Ubunifu wake ulifanyika Marekani. Joseph Lechleider wa Bellcore alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba waya wa kawaida wa simu utabeba data nyingi ukiipa njia ya kuingia nyumbani nafasi kubwa na njia ya kutoka nafasi ndogo. John Cioffi wa Stanford na wenzake wakatengeneza namna ya kuigawa nafasi hiyo katika njia nyembamba 256, kila moja ikiwa na upana wa kilohezi 4.3125. Njia zote kwa pamoja zinafika kilohezi 1,104. Anayekumbuka kioo cha redio ya zamani atajua maana yake: masafa ya kati yanaanza kama kilohezi 530 na kuishia kama 1,600. Nusu ya ADSL ya kwanza, kama intaneti hiyo ya waya wa simu inavyoitwa, ilikaa ndani ya masafa hayo, na ADSL2+ iliyofika kilohezi 2,208 iliyafunika yote. Redio ya mjomba na modemu ya mteja wangu zilikuwa zinasikiliza kitu kimoja.

Modemu inapowashwa hupima kelele katika kila njia, kisha inapanga mzigo: njia tulivu inapewa mzigo mkubwa, yenye kelele inapewa kidogo, mbovu inaachwa. Inafanya kama nahodha wa jahazi anayepakia kulingana na bahari aliyoiona wakati wa kung'oa nanga, akibakiza kimo kidogo cha ubao juu ya maji. Akiba hiyo kwa kawaida ni desibeli 6. Kama friji ya jirani ilikuwa ikiwaka wakati modemu ilipokuwa inapima, hakuna tatizo kubwa, itapunguza mzigo. Tatizo ni kelele inayozaliwa baadaye, mzigo ukiwa umekwisha pakiwa. Akiba inaliwa, makosa yanaongezeka, na taa ya DSL inaanza kupepesa. Mteja anapiga simu kituoni. Fundi akifika saa nne asubuhi, laini ni nzima.

Waya wenyewe una kinga yake ya zamani. Alexander Graham Bell alipata hataza ya jozi iliyosokotwa mwaka 1881. Nyaya mbili zikisokotwa pamoja, kelele ya nje inaziingia kwa kiasi kilekile, na kwa kuwa chombo kinasoma tofauti kati yake, kelele inajifuta. Lakini kinga hiyo inadai usawa kamili. Mjini kwetu hewa ya chumvi inakula maungio kwenye nguzo. Upande mmoja wa jozi ukishika kutu, usawa umekwisha, na waya mzima unageuka antena. Ndiyo maana kila nilipofika kwenye lalamiko la namna hii nilianza na maungio. Nusu ya kelele hutibiwa kwa koleo na waya mpya, bila ya kumsumbua jirani yeyote. Wenzetu wa Uingereza walikuwa na mkosi wao katika nyaya za ndani: waya wa tatu wa kupigia kengele za simu za zamani, usio na mwenza wa kusokotwa naye, ulileta kelele ndani, na kuukata tu kulifufua laini nyingi.

Kuna nyumba moja ya mwalimu ambayo intaneti ilikatika kila siku baada ya magharibi. Maungio yalikuwa mazima. Modemu ilikuwa imebadilishwa. Nilimwomba aandike muda, akaandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: saa kumi na mbili na nusu, saa moja kasoro, saa moja na robo. Nilikwenda jioni na redio ya betri. Jambo la kwanza katika kazi hii ni kuzima meni swichi ya nyumba ya mwenye lalamiko mwenyewe. Redio ya betri inaendelea kusikiliza gizani, na kelele ikinyamaza basi chanzo kimo humohumo ndani. Haikunyamaza. Niliweka sindano mahali pasipo na stesheni, nikazungusha. Ilikuwa ikikwaruza kwa vipindi, kishindo, kimya, kishindo mara mbili, kimya. Mstari wa kwanza ulivuka uchochoro. Wa pili ulinipeleka kwenye nyumba yenye mkeka barazani na bibi mmoja anapepeta mchele.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa umeme?"

"Hapana, bibi, mimi wa simu."

"Simu mimi sina, labda ya mjukuu."

"Najua, bibi. Nilikuwa naomba ile taa ya ukumbini tuizime kidogo tu, kisha tuiwashe."

Aliitazama redio mkononi mwangu, akamwita mjukuu, taa ikazimwa. Redio ikanyamaza. Ilipowashwa tyubu ilipepesa, ikajaribu, ikapepesa tena, na kila ikijaribu redio ilipiga kishindo. Tyubu ilikuwa imechoka. Stata ilikuwa inajaribu kuiwasha bila kukoma, na kila vyuma vyake vinapoachana, choki, ile koili ya taa, inasukuma mamia ya volti. Nilifungua kile kikopo. Kapasita ilikuwa imekatwa miguu yote miwili. Mafundi wengi wanajua kwamba kapasita ya stata ikifa kwa kugusana ndani, tyubu inabaki na ncha nyekundu bila kuwaka, na ukiikata taa inawaka tena. Ni kweli, inawaka. Kilichokatwa ni ile kinga waliyoipigania wasikilizaji wa redio nusu karne kabla, na hapakuwa na redio ya masafa ya kati ndani ya nyumba ile ya kuwaambia wenyewe.

Tuliweka tyubu mpya na stata mpya. Bibi alitaka kujua kama taa yake ilimuumiza mwalimu. Nilimwambia haikumuumiza, ilimchelewesha kazi tu. Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akamtuma mjukuu amwombee radhi.

Nilimkumbuka bibi huyo mwaka 2020 nilipofuata habari za Aberhosan, kijiji cha Powys, Wales. Intaneti ya kijiji kizima ilikuwa ikikatika kila siku saa moja asubuhi, kwa muda wa miezi 18. Mafundi wa Openreach, kampuni inayotunza laini za simu huko, walikuja mara kwa mara, vipimo vikawaonyesha laini nzima, wakafikia hata kubadilisha sehemu kubwa ya kebo, na saa moja ya asubuhi iliyofuata hali ikawa ileile. Mwishowe timu ilikwenda alfajiri, mvua inanyesha sana, na chombo cha kuchunguza masafa mkononi, wakatembea kijijini toka saa kumi na mbili wakisubiri. Saa moja kamili kishindo kikubwa cha kelele kikatokea kwenye kioo. Wakakifuata mpaka nyumba moja. Mwenye nyumba alikuwa ameamka na kuwasha televisheni yake ya zamani aliyoinunua ikiwa imetumika. Aina hiyo ya kelele, mpigo mmoja mzito unaotokea kifaa kinapowashwa au kuzimwa, mafundi wa Uingereza wanaitenga na ile inayorudia bila kukoma kwa mwendo wa umeme wa nyumbani, midundo 100 kwa sekunde kwa umeme wa hezi 50. Ya pili wao huisikiliza kwa redio, wengi wakipenda kuweka sindano kwenye kilohezi 612. Ya kwanza ni ngumu zaidi. Inapita upesi, na anayeikosa anasubiri kesho.

Wakuu wa kazi ile walieleza kwamba mwenye televisheni alipoambiwa alifadhaika sana, akakubali papo hapo kuizima na asiiwashe tena. Jina lake halikutolewa, na nawasifu kwa hilo. Katika miaka yote ya kazi hii, toka Posta ya Uingereza mpaka uchochoro wa Ngamiani, mwenye chanzo ni mtu aliyewasha kifaa chake ndani ya nyumba yake. Fundi anayefika mlangoni kama askari, akinyoosha kidole, atazimiwa taa leo na itawashwa kesho akiondoka.

Hata wanasayansi hawakuepuka. Darubini ya redio ya Parkes, Australia, ilinasa kuanzia mwaka 1998 mipigo ya ajabu iliyofanana na ishara kutoka mbali sana angani. Mwaka 2015 Emily Petroff na wenzake walionyesha inatoka jikoni mwa kituo chenyewe: mtu akifungua mlango wa maikrowevu kabla haijamaliza, mpigo mfupi unaponyoka. Walianza na muda. Mipigo ilikuja mchana, siku za kazi, karibu na chakula.

Maikrowevu ndiyo inayolaumiwa zaidi sasa, kwa kuwa Wi-Fi ya gigahezi 2.4 inakaa katika masafa yaliyotengwa mwaka 1947 kwa mashine za kupashia joto, si za mawasiliano. Wi-Fi ilikuja kama mgeni miaka hamsini baadaye. Dawa yake ni nyepesi, kuhamia gigahezi 5 au kusogeza ruta. Faiba nayo imeimaliza hadithi ya waya: kioo hakisikii cheche. Kila nyumba inayopata faiba ni nyumba moja iliyotoka katika historia hii, na nafurahi kwa ajili yake. Hata hivyo shaba haijaondoka yote, huku wala Ulaya, na juu ya mapaa sasa kuna sola zenye inveta na vidhibiti chaji, baadhi yake vikipiga kelele kuliko cherehani zote za mjomba. Wanaozisikia ni wachache: waliobaki na masafa ya kati vijijini, na waendesha redio za ridhaa.

Kuna kitu kimoja ambacho faiba itakiondoa na ambacho sitaki kipotee. Vituo vya simu vilikuwa na madaftari ya hitilafu, makubwa, yenye jalada gumu. Safu zake zilikuwa za namba ya simu, tarehe, saa ya lalamiko, kilichopimwa, na mwishoni kabisa, kilichokutwa. Katika safu hiyo ya mwisho mafundi waliandika kwa kalamu mambo ambayo hayamo katika ripoti yoyote ya mwaka: mota ya mashine ya kusaga, friji ya bucha, choki ya taa ya msikitini, pasi ya dobi. Ni orodha ya namna umeme ulivyoingia katika mitaa yetu, kifaa kwa kifaa, ikiwa na tarehe na saa. Vituo vinapofungwa au kuhamishwa, madaftari hayo yanaangukia mikononi mwa anayesafisha chumba. Nimekwisha waandikia wenzangu waliostaafu Tanga, Moshi na Mombasa nikiwaomba wayatafute. Kwa upande wa Tanzania mahali pake ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na mwenye daftari moja tu, hata lililoliwa kona na mchwa, alipeleke na alieleze lilitoka kituo gani.